Kivuli Kwenye Kioo cha Msikiti

Msimbu, Kisarawe
31 Agosti 2024

Mpwa wangu Badru,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Naila na mtoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mkazamjomba wako Hajira goti bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Mihogo ya bondeni nguruwe pori wameifukua karibu yote. Kuku wamekwisha kwa mdondo, amebaki jogoo mmoja, naye sijui anamwikia nani. Mikorosho imechanua vizuri, tuone.

Barua anakuletea mwanangu Maulida, maana ndiye anayekuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na kurudi huko Kibaha shuleni kwake. Usiniambie nipige simu. Masikio yangu unayajua, nikiweka simu sikioni nasikia mvua tu. Na huo ujumbe wa kuandika kwa kidole gumba siuwezi. Mimi nilikuwa karani wa chama cha korosho, nimezoea kalamu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kile kioo cha kompyuta ulichotuletea msikitini mwezi wa saba, siku ya kisomo cha marehemu mama yako, kina tatizo. Ule ukurasa wa kijani wenye saa za swala hauna neno. Lakini baada ya adhana, ukurasa ukigeuka mweupe kungoja ikama ya kuanza swala, yanatokea maandishi mengine kwa nyuma, ya kijivu, kama doa la chai kwenye kanzu. Ally muadhini ndiye aliyeyaona kwanza. Yanasema TAFADHALI SUBIRI. Chini yake kuna kiboksi chenye neno NAMBA.

Watu wanayasoma, Badru. Wiki iliyopita imamu ameshasimama mbele, safu ya nyuma bado wamekaa. Alipowauliza wakasema kioo kimewaambia wasubiri. Wenzao wakacheka, na msikiti si mahali pa kuchekea. Mimi ndiye katibu wa kamati, mimi ndiye niliyeipokea hiyo sadaka yako, na chini ya kioo kuna ubao wenye jina la dada yangu. Kila wanapocheka wanakuwa wanalitazama jina lake.

Njoo ukitengeneze. Na unieleze, kioo hiki ulikitoa wapi?

Mjomba wako,
Mwishehe


Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha
27 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na Naila, ambaye anakusalimu sana. Mtoto wetu Nuria ameanza kusema. Neno lake la kwanza ni "chaji", maana ndilo analolisikia hapa dukani kutwa nzima. Poleni kwa mihogo na kuku. Mpe Mkazamjomba pole ya goti.

Habari ya monita imenisikitisha. Tatizo hilo sisi mafundi tunaliita kuungua kwa kioo. Monita ikionesha maandishi yaleyale, mahali palepale, mwaka hadi mwaka, kioo kinachoka pale yalipokaa. Hata ukibadilisha ukurasa, kivuli cha yale ya zamani kinabaki. Hiyo ni monita iliyotumika, niliinunua pamoja na nyingine kwenye ofisi fulani iliyokuwa inabadilisha vifaa, na niliipima kwenye ukurasa wa rangi iliyokolea tu, ndiyo maana sikuona.

Mara nyingine kivuli hupungua. Ally nimeshamwelekeza kwa simu: aweke ukurasa mweupe mtupu, kioo kikae hivyo siku mbili mfululizo bila kuzimwa. Weupe unavilazimisha vile vipande vidogo vya kioo vyote vifanye kazi sawasawa, na vile vilivyochoka vinaweza kurudi.

Ningekuja mwenyewe ila kazi zimenibana, shule zote zinataka kompyuta zao kabla ya mitihani. Tafadhali subiri kidogo, Mjomba. Litaisha.

Ni mimi mpwa wako,
Badru


Msimbu
29 Septemba 2024

Badru,

Marahaba. Tumefurahi kusikia mtoto anasema. Mfundisheni na neno jingine, asije akaja huku kunisalimia akaniomba chaji.

Ally alimtii fundi wake kwa bidii zote. Aliweka huo weupe tangu Ijumaa baada ya swala, kabla hata barua yako haijanifikia. Siku mbili tumeswali tunamulikwa usoni kama sungura barabarani. Isha ya jana msikiti ulikuwa unang'aa mpaka mpita njia mmoja akaingia kuuliza kama tunauza vocha. Leo baada ya Alasiri tumekitazama. Kivuli kipo vilevile. Tena kwa weupe ule kinasomeka kuliko mwanzo, maana hakina pa kujificha. Wazee waliokuwa hawajakiona sasa wamekiona. Umetufungulia chumba cha kusomea.

Nimechoka, mpwa wangu, nakwambia wazi. Kila nikitoka swala kuna mtu ananishika mkono, si kwa salamu bali kuniuliza kioo kitapona lini, kana kwamba ni mgonjwa wangu.

Halafu hukunijibu. Sikuuliza kioo kinaunguaje. Niliuliza ulikitoa wapi. "Ofisi fulani" si jibu. Ofisi ina jina na ina mlango.

Na hujafika kaburini tangu siku ile ya kisomo. Nyasi nimefyeka mwenyewe.

Mwishehe


Kibaha
29 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Naomba radhi kwa mwezi wa kumi. Maulida alipita dukani nikiwa sipo, na nilipofika stendi gari lake lilikuwa limeshaondoka. Huku hatujambo. Naila alikuwa na malaria, sasa amepona. Natumaini korosho zimeanza kuanguka na bei inaeleweka.

Kuhusu monita nimeuliza na mafundi wenzangu. Bernard, ambaye tunashirikiana naye kibanda, anasema weupe ukishindwa kuna njia ya rangi. Ninampa Maulida flashi. Ndani yake kuna picha ya rangi zinazobadilikabadilika haraka, nyekundu, bluu, kijani. Ally aichomeke, aiache iende siku nzima. Haina sauti wala picha ya mtu.

La pili, na hili ni muhimu: kioo kizimwe baada ya kila swala. Kizimwe kabisa. Nilimwambia Ally tangu siku ya kwanza. Kikiachwa kinawaka na ukurasa uleule usiku na mchana, kitaungua tena, na safari hii kitaungua kwa mkono wenu.

Mjomba, usinielewe vibaya, lakini monita yenyewe ni ya msaada. Sikuweza kununua mpya. Nilitaka jina la mama liwe mahali ambapo watu wanaliona wakiingia kuswali. Basi. Sikutaka haya mengine.

Badru


Msimbu
1 Desemba 2024

Badru,

Tunashukuru Naila amepona. Korosho tumeuza, bei haikuwa mbaya, Hajira amenunua godoro na kwa mara ya kwanza hajalalamika.

Nimemwita Ally nikamuuliza kwa nini hakizimi kioo. Akanitazama kama niliyemwambia avue kanzu barazani. Akanikumbusha kwamba juu kabisa ya ukurasa ule wewe mwenyewe uliandika Bismillahi, na kwa hati nzuri. Nani atabonyeza kitufe Bismillahi ipotee? Yeye hataki. Nikaenda kwa imamu. Imamu akasema hakuna ubaya wowote, kuzima taa si kufuta neno. Nikamwambia basi zima wewe. Akakisogelea kioo, akanyoosha mkono, akaurudisha, akasema ana haraka. Nami nikajaribu, sikufichi, mkono haukwenda. Kwa hiyo kimewaka tangu mwezi wa saba bila kupumzika.

Na ulilosema limetokea. Ukurasa ukiwa mweupe sasa kuna vivuli viwili. Cha zamani kipo, na juu yake kumeota kingine, saa zetu wenyewe. ADHUHURI imelalia SUBIRI. Mtu mgeni akisoma anadhani Adhuhuri imeahirishwa.

Zile rangi zako kamati imezikataa. Ally alizijaribu kidogo tu, imamu akasema anaona ukumbi wa harusi. Flashi ninayo, nitakurudishia ukija.

Sasa sikiliza vizuri. Kamati imekaa jana. Wamesema kabla ya Ramadhani kioo kiwe kimepona au kiondolewe, na ubao wake uondolewe pamoja nacho, maana ubao hauwezi kubaki ukutani peke yake ukitaja sadaka isiyokuwepo. Mimi nilipinga. Nilikuwa peke yangu. Katibu anaandika maamuzi hata yale yanayomchoma, na hayo nimeyaandika kwa mkono huu huu.

Ni jina la dada yangu, na ni mama yako. Njoo.

Nakuuliza kwa mara ya tatu, kioo hiki ulikitoa wapi?

Mjomba wako


Kibaha
6 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Maulida anakuja likizo leo, naandika haraka yuko mlangoni. Sote wazima. Mwambie Ally amefanya vizuri kutokuzima, au vibaya, sijui tena.

Ulichouliza nitakueleza tukionana. Mwezi huu siwezi kuja. Tafadhali subiri, Mjomba, nakuomba.

Badru


Msimbu
10 Januari 2025

Badru,

Likizo nzima nimengoja nikidhani utatokea. Leo Maulida anarudi, ndiyo naandika.

Nimeisoma barua yako ya mistari minne. Mjomba wako anauliza swali, na mpwa wake anamjibu kwa maneno yaleyale ya kioo. Hata Hajira nilipomsomea aliniambia nisome tena, akidhani nimeruka mistari.

Kioo tumekishusha jana. Sikutaka wakishushe vijana kwa kelele, nimekishusha mimi na Ally. Ubao nimeuchomoa misumari mwenyewe. Upo mezani kwangu hapa ninapoandika, jina limeangalia dari.

Sikuulizi tena.

Mwishehe


Mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha
31 Januari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, lakini sina habari za kukupa. Tangu barua yako ije sijalala vizuri na dukani nawajibu watu vibaya. Naila amesema nikuandikie la sivyo atakuandikia yeye.

Kioo nilikitoa kwenye zahanati. Ile ya barabara ya Morogoro, ulikompeleka mama siku ile alipougua, mimi nikiwa Chalinze. Walifunga mwezi wa nne, mwenye nayo amehamia mjini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatengenezea kompyuta zao, kwa hiyo waliniita nikasafishe na wakaniambia nichukue vifaa vya zamani. Hicho ndicho kilichokuwa juu kwenye ukuta wa mapokezi, kinaonesha namba ya mgonjwa anayefuata.

Nilikileta kibandani nikakiwasha kukipima. Nilikudanganya kwamba sikuona, Mjomba. Niliona siku ya kwanza. Bernard aliniambia nikitupe. Mtu mmoja wa baa alikitaka kwa ajili ya mpira, nikamkatalia nikamwambia kibovu. Nilikifunika nikakiweka chini ya meza. Kila nilipoinama kuchukua nyaya nilijua kipo pale.

Siku ile nilifika jioni, wewe umekaa peke yako kwenye benchi, yeye wameshamlaza. Hakuongea na mimi tena vizuri. Kesho yake wakampeleka hospitali kubwa, na yaliyofuata unayajua. Yale maneno ndiyo aliyokuwa akiyatazama kutwa nzima mimi nikiwa njiani. Hilo ndilo nililokuwa nalifikiri kila nilipokiona. Wewe nilijua umesahau kioo chenyewe, nani anakumbuka kioo cha zahanati, na sikutaka kukukumbusha. Kwa hiyo kila ulipouliza nilikwepa.

Kuhusu kukileta msikitini, nitakwambia ukweli hata kama ni upuuzi. Nilitaka kioneshe kitu kingine. Nilidhani saa za swala zikikaa juu yake muda mrefu, zitayafunika yale maneno. Mimi ni fundi. Najua kabisa kwamba kivuli hakifunikwi na kivuli, nimewaeleza wateja hivyo mara nyingi. Lakini nilijiambia labda.

Na sikuja Msimbu kwa sababu ningekikuta ukutani, nawe ungeniuliza uso kwa uso.

Nimepata monita nyingine. Si mpya, ila safi, nimeipima kwenye rangi zote. Ninampa Maulida barua hii tu. Kamati ikikubali nijulishe, nitamtuma mtu ailete kabla ya Ramadhani, na ubao urudi mahali pake. Hicho cha zamani wakivunje, au wakiuze vyuma chakavu. Kama umekasirika una haki.

Mpwa wako,
Badru


Msimbu, Kisarawe
2 Februari 2025

Mpwa wangu Badru,

Assalaam alaykum. Marahaba. Wasalimie Naila na mtoto. Huku mvua imeanza mapema, jogoo wetu amepata kuku wawili wa kumsikiliza, na goti la Hajira linatabiri mvua kuliko redio.

Umeandika kwamba kama nimekasirika nina haki. Nimekasirika. Miezi mitano nimesumbuka na kamati, nimemulikwa usoni, nimechomoa misumari, na jibu ulikuwa nalo mfukoni. Lakini umekosea mahali pamoja. Umesema nimesahau kile kioo.

Siku ulipokileta, ulipokiwasha, kabla ukurasa wa kijani haujaja kilikuwa cheupe kidogo. Wewe ulikuwa umeinama kwenye nyaya. Nikayaona yale maneno na kile kiboksi cha namba, nikakaa chini kwenye mkeka. Ally akadhani naanza kuomba dua. Nilikijua palepale, Badru. Nani atakikumbuka kama si mimi?

Pale zahanati nesi alikuwa anaita namba kwa sauti, mimi sisikii. Kwa hiyo macho yangu hayakutoka kwenye kioo tangu asubuhi. Mama yako masikio yake mazima, ila kusoma hakujui. Tukagawana kazi, yeye asikilize, mimi nisome, namba yetu isitupite. Ikafika mahali akaniuliza, "Kaka, hicho kitu kinasema nini muda wote?" Nikamwambia kinasema tafadhali subiri. Akakitazama, akanitazama mimi, akasema, "Kwani kimetuona tumesimama kuondoka?"

Tulicheka mpaka nesi akatugeukia. Alicheka huku ameshika ubavu, na maumivu anayo. Kila namba ilipobadilika na sisi bado tumekaa, ananigusa kiwiko, "Kiulize sasa kinasemaje," nasi tunaanza tena. Wewe umekaa mwaka mzima unadhani alikuwa anayatazama maneno yale kwa uchungu. Alikuwa anayafanyia utani. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka na dada yangu, na sikumwambia mtu, hata Hajira nimemwambia leo.

Kwa nini sikukwambia wewe? Mwanzoni nilidhani umekinunua bila kujua kilikotoka, nikaogopa kukuumiza. Nikasema nitauliza taratibu. Ulipoanza kukwepa nikajua unajua, na hapo hasira ikanishika. Nikasema hatasikia kwangu mpaka aseme mwenyewe. Na kila Adhuhuri kivuli kilipotoka, wenzangu waliona aibu ya kamati, mimi nililiona lile benchi. Ndiyo maana nilitaka kifutike, na ndiyo maana nilipinga kushushwa kwake. Usiniulize vyote viwili vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

Kamati imekubali hiyo monita nyingine, nimezungumza nao baada ya Isha ya jana. Ubao utarudi. Ila uitegeshe ijizime yenyewe baada ya kila swala, maana hapa hatapatikana mwenye mkono wa kuizima.

Hicho cha zamani hakivunjwi wala hakiuzwi. Kipo chumbani kwangu, kimefunikwa kanga ya mama yako ile ya zambarau. Hajira anasema ama kioo ama yeye, na nimemwambia tutaona.

Hiyo monita usimtume mtu. Ilete mwenyewe. Tutapita kaburini kwanza, kisha tutarudi nyumbani tukiwashe kile cha zamani, nami nitakuonesha yeye alikaa upande gani na mimi upande gani.

Na usiniandikie tena kwamba nisubiri. Hayo nimeshayasoma.

Mjomba wako,
Mwishehe